Tuandikeni Tungali Hai

Ndugu wa vikundi! Sisi wazee wa Mau Mau tulipigwa marufuku mwaka 1950, tukafunguliwa 2003. Miaka 53 hatukuweza kujisajili kama nyinyi.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa. Wengine zaidi ya 40,000 walishtaki London. Mwaka 2018 kesi ikatupwa, eti muda umepita.

Basi twasaidiana wenyewe. Kila mwezi twachanga. Mwenzetu akifa twanunua jeneza, na mjane twampelekea unga na sukari.

Lakini twapungua. Kila kikundi kitupe kijana mmoja mwenye kalamu. Aandike jina la mzee, kijiji chake, na kambi aliyofungwa. Mzee akizikwa bila kuandikwa, watoto wataonyesha nini?