Mafuta Husafiri na Tope: Haidrokaboni katika Mitaro ya Dar es Salaam na Bonde la Msimbazi



1. Hoja

Mafuta yanayotoka barabarani na kuingia Mto Msimbazi kwa sehemu kubwa hayaelei. Yamenata kwenye vumbi na tope. Tukiutazama utando unaong'aa juu ya maji peke yake, sumu iliyo nyingi zaidi itapita chini yake hadi baharini.

2. Chanzo

Haidrokaboni za barabarani, yaani kemikali zilizomo kwenye mafuta na masizi, hutokana na oili inayovuja kwenye injini, moshi wa dizeli, matairi yanayosagika na lami yenyewe. Kwenye gereji za mitaani huongezeka oili chafu inayomwagwa chini, na kwenye makazi, masizi ya taka zinazochomwa. Kiangazi kizima vyote hivyo hujikusanya vumbini, kisha mvua za kwanza za vuli huvikomba kwa pamoja.

3. Kwa nini hunata

Naftalini, haidrokaboni yenye pete 2 za kaboni, huyeyuka takriban miligramu 30 katika lita moja ya maji. Benzopirini, yenye pete 5, huyeyuka mikrogramu chache tu. Isiyoyeyuka hunata kwenye chembe za udongo, masizi na mabaki ya mimea. Na benzopirini ndiyo ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Chembe laini, zilizo chini ya mikromita 100, hubeba sehemu ya mafuta iliyo kubwa kuliko sehemu yake katika uzito wa vumbi, nazo ndizo zinazochelewa kutua.

Watafiti wa Paris waliochunguza mtaa wa Le Marais, wenye hekta 42, waliona kwamba wakati wa mvua haidrokaboni nyingi zimo kwenye chembe. Waliona pia kwamba sehemu ya uchafuzi hutoka kwenye mashapo yaliyokuwa yamelala ndani ya mabomba ya majitaka, yakasombwa na mvua. Kwetu maana yake ni nzito: mtaro uliojaa tope ni ghala la sumu.

4. Mwisho wa safari

Karibu na Daraja la Salenda, Msimbazi unapoingia baharini, mto hupunguza kasi, tope likatua penye mikoko. Humo hewa ni haba, hivyo bakteria huyavunja mafuta polepole mno. Kome na chaza, ambao miili yao haina uwezo mkubwa wa kuzivunja sumu hizi, huzilimbikiza. Kwenye mabwawa ya majitaka, kama ya Vingunguti, chembe hutua vivyo hivyo; kwa hiyo tope lake lisipelekwe shambani kabla ya kupimwa.

5. Mapendekezo

(a) Tope linalozibuliwa mitaroni lizolewe siku hiyo hiyo. Leo mara nyingi hurundikwa kando, na mvua inayofuata hulirudisha lilikotoka. Lisitumike kufukia viwanja.

(b) Kila gereji iwe na pipa la oili chafu na chemba ya kutuliza mchanga na kutenga mafuta. Kabla ya kuoshwa, sakafu ifagiliwe kwanza kwa pumba za mbao. Sabuni nyingi huyachanganya mafuta na maji, yakapita kwenye chemba bila kunaswa.

(c) Barabara kuu zifagiliwe zikiwa kavu, kabla ya vuli na kabla ya masika, na mchanga wake uzolewe.

(d) Sampuli zichukuliwe mvua inaponyesha, maji na tope vipimwe kila kimoja peke yake. Maji yaliyochujwa maabarani yanaweza kuonekana safi ilhali uchafu umebaki kwenye chujio.

6. Hitimisho

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kila mwaka fedha hutumika kuzibua mitaro. Naziomba halmashauri zetu zianzie hapo: kila mkataba wa kuzibua mtaro utaje mahali tope litakapopelekwa, na mkandarasi alipwe baada ya kuthibitishwa kwamba limefika.