KULIPAKA EMBE ILI LIDUMU
(Mazungumzo kwa wakulima wa maembe wa Ngao)



Ngao ni kijiji kilicho kando ya mto Tana, karibu na Garsen, na miembe ni sehemu ya mali yake. Msimu ufikapo, maembe hukomaa kwa pamoja, na kila mzigo hungoja gari la mchuuzi. Mvua ikiharibu njia, au gari likikawia siku mbili, mchuuzi ajapo hutaja bei aipendayo, kwani ajua ya kuwa mkulima hawezi kungoja. Basi kinachomponza mkulima si uchache wa maembe, bali ni uchache wa siku.

Kwa nini embe halingoji? Kwa sababu tunda likisha kuchumwa lingali hai, nalo hupumua. Huvuta oksijeni, hutoa joto, na maji yake hupotea kwa njia ya ngozi. Likipumua upesi huiva upesi. Likipotewa na maji hunyauka, na uzito hupungua. Uzito nao ndio fedha.

Dawa mojawapo ni kulipaka tunda utando mwembamba usiodhuru ukiliwa, ili kulipunguzia pumzi bila kulinyonga. Jambo hili si geni: Wachina wa kale walipaka machungwa yao nta. Siku hizi hutumika nta ya nyuki, nta ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi uitwao kanauba, na shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi.

Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walitangaza majaribio yao juu ya embe ngowe, lijulikanalo sana pwani. Maembe yaliyopakwa nta yalichelewa kuiva na kupungua uzito kuliko yale yasiyopakwa, na yaliyowekwa penye baridi yalidumu zaidi.

Lakini yako masharti. Kwanza, embe lichumwe likiwa limekomaa na bado gumu, pamoja na kikonyo chake, wala lisianguke chini. Utando haumponyi aliyepondeka, wala haumtoi funza aliyekwisha kuingia. Pili, lioshwe na kukaushwa kabla ya kupakwa. Tatu, utando usiwe mzito. Tunda likikosa hewa huchacha ndani kama tembo, na harufu yake humfukuza mnunuzi. Nne, nta ya mishumaa ya dukani si chakula. Itumike ile tu iliyokubaliwa kwa matunda, na bwana shamba aulizwe kwanza.

Mwenye busara ataanza na tenga moja. Nusu ya maembe ayapake, nusu ayaache, yote yakae kivulini, na kila siku ayapime. Mizani itamwambia kama gharama ya nta inarudi. Ikirudi, majirani wachange fedha wanunue kwa pamoja, maana chombo kimoja chaweza kuhudumia mashamba mengi.

Utando hautengenezi barabara, wala haumleti mchuuzi. Lakini mkulima awezaye kungoja siku tatu aweza kuikataa bei mbaya ya mchuuzi wa kwanza, akamsubiri wa pili.