Kontrola ya Boti Ikiharibika, Izime Mota

Mazungumzo kwa mafundi na wamiliki wa boti, Suna



Suna haina ufuo. Pikipiki ikizimika barabarani, mwenyewe huisukuma hadi kwa fundi. Boti haisukumwi. Kosa la fundi wa mjini hulipwa na mvuvi aliye majini usiku, mbali na Muhuru Bay au Sori. Kwa hiyo fundi anayetaka kujiundia kontrola ya boti na aanze na swali moja: ikiharibika, itafanya nini?

Katika boti ya dizeli na umeme, injini haizungushi pangaboi moja kwa moja. Injini huzungusha jenereta, jenereta hulisha chaja, chaja hujaza betri, na betri huendesha mota. Kontrola hukaa kati ya betri na mota, ikikata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kupunguza au kuongeza mwendo. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1903 meli ya mafuta iitwayo Vandal ilianza kazi katika mto Volga, Urusi, kwa injini 3 za dizeli na mota za umeme. Dizeli za wakati ule hazikuweza kurudi kinyume, mota ziliweza.

Mfumo huu hauleti mafuta ya bure. Umeme hupotea kidogo kila unapobadilishwa. Boti inayokwenda kasi moja kutwa hutumia mafuta machache zaidi injini ikifungwa moja kwa moja kwenye pangaboi. Faida huja kwa boti ya kwenda na kusimama, au betri ikichajiwa kwa sola ufuoni.

Hesabu ifanywe mapema. Mota ya volti 48 ikivuta ampea 60 hutumia wati 2,880. Chaja ikitoa wati 2,000, wati 880 zinazobaki hutoka betrini. Betri ya ampea-saa 50 haitafikisha saa 3. Kwa sababu hiyo kontrola iwekewe kikomo cha ampea, na nahodha aone volti za betri wakati wote.

Sasa hatari yenyewe. Transista za kontrola zinapoungua, mara nyingi huachia umeme upite bila kizuizi. Mota hukimbia kwa nguvu zote, na kurudisha mkono wa mwendo hakusaidii. Dawa yake ni kontakta kati ya betri na kontrola, yenye kamba inayofungwa kwenye mkono wa nahodha. Akianguka majini, kamba huchomoka na umeme hukatika. Kontakta hiyo iwe ya umeme wa betri. Swichi ya nyumbani haifai, kwani cheche ya umeme wa betri haizimiki kwa urahisi.

Waya wa mkono wa mwendo nao hukatika. Mwendo upangwe kati ya volti 1 na 4. Kontrola ikisoma chini au juu ya hapo, izime mota. Tena isiwake kama mkono hauko kwenye sifuri. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na kisanduku kifungwe vizuri, juu ya maji yanayotuama ndani ya boti.

Majaribio yaanze mezani, kisha boti ikiwa imefungwa gatini. Hapo fundi aunguze makosa yote kwa makusudi: akate waya wa mwendo, achomoe kamba. Mota ikizima kila mara, ndipo boti itoke, karibu na ufuo, na makasia, maboya ya kuokoa maisha na boti ya pili yenye injini ya kawaida. Kikundi cha BMU cha ufuo huo kijulishwe. Kabla ya kubeba abiria, boti ikaguliwe na KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini.

Kontrola nzuri hujulikana siku inapoharibika: boti husimama, na watu wake hurudi nyumbani kwa makasia.