Ukingo Juu ya Paa

Kama una Biblia karibu nawe, fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Ni mstari mmoja tu, nao umewekwa kati ya sheria ya kiota cha ndege na sheria ya kutochanganya mbegu katika shamba la mizabibu, hata wengi wetu huupita bila kuuona. Musa awaambia Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, hana budi kuweka ukingo kuzunguka paa lake, asije mtu akaanguka kutoka juu, na damu ya mtu huyo ikahesabiwa juu ya nyumba ile.

Nyumba zao zilikuwa na paa bapa, kama zile nyumba za kale za mawe kule Lamu. Jioni watu walipanda juu kupunga upepo. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya paa lake, chini ya mabua ya kitani. Petro naye alikuwa juu ya paa akiomba, kule Yafa, alipopata yale maono yaliyompeleka kwa Kornelio. Paa lilikuwa mahali pa watu.

Sasa tujiulize, ukingo ule ulikuwa wa kumlinda nani? Mwenye nyumba azijua pembe za paa lake hata gizani. Angeweza kusema, “Mimi nimepanda hapa miaka mingi wala sijaanguka. Mungu ananilinda.” Lakini sheria haimwulizi habari za imani yake. Ukingo ni kwa ajili ya mgeni aliyefika usiku, na mtoto wa jirani, na mzee ambaye macho yake yamefifia. Gharama ni ya mwenye nyumba, na faida yaweza kuwa ya mtu ambaye hata hamjui jina.

Nimewaletea mstari huu leo kwa sababu ya chanjo.

Wako ndugu zetu, tena wanaompenda Bwana kwa kweli, wasiotaka watoto wao wachanjwe. Hapa Kenya viko vikundi vya waumini ambavyo hukataa hospitali kabisa, na hata katika makanisa yetu ya kawaida utamsikia mtu akinong'ona kwamba kumpeleka mtoto kliniki ni kupungukiwa na imani. Siwadharau watu hao. Mzazi anayekataa sindano mara nyingi ni mzazi anayempenda mtoto wake sana na kuogopa. Wengine wametishwa na uvumi, kama ule uliotoka Uingereza mwaka 1998, wa daktari aliyedai kuwa chanjo ya surua huharibu akili za watoto. Jarida lililochapa madai yale liliyafuta mwaka 2010, na daktari mwenyewe akaondolewa katika orodha ya madaktari. Uvumi, walakini, haufutiki upesi kama karatasi.

Basi tuitazame surua yenyewe, ambayo wengine huiita ukambi. Ninyi mliokuwa watu wazima kabla ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza hapa Kenya mwaka 1980 mwaikumbuka vizuri. Huanza kama mafua tu: homa, kikohozi, macho mekundu. Vipele hutokea baadaye, na kwa muda wa siku 4 kabla ya vipele mtoto huyo tayari anaambukiza wengine. Kwa hiyo mzazi asemaye, “Mtoto wangu akiugua nitamweka nyumbani,” amechelewa. Tena virusi vyake hukaa hewani hata saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Mtoto akikohoa katika darasa la Shule ya Jumapili saa tatu asubuhi, akina mama wakaingia chumba kile saa nne kwa mkutano wao, surua yaweza kuwa bado yawangoja. Kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu na mgonjwa, 9 huipata. Ndiyo maana wenye elimu ya afya husema ni lazima watu 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa, ili ugonjwa ukose njia ya kupita.

Na hao wanaobaki ni akina nani? Yuko mtoto mchanga asiyetimiza miezi 9. Yuko mama mjamzito, ambaye hawezi kupewa chanjo hii mpaka ajifungue. Yuko mtoto mwenye saratani ya damu, ambaye dawa zinazomtibu zimeangusha kinga ya mwili wake pamoja na ugonjwa. Yuko mtu aliyepandikizwa figo, ambaye hutumia dawa za kupunguza kinga maisha yake yote, ili mwili usiikatae figo ile. Na katika nchi yetu wako zaidi ya watu milioni moja wenye virusi vya UKIMWI. Wengi wao, kwa kutumia dawa zao vizuri, wana nguvu, nao yafaa wamwulize daktari habari za chanjo. Lakini yule ambaye kinga yake imeshuka sana hawezi kupewa chanjo ya surua, kwa kuwa imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na hata hivyo vyaweza kumshinda.

Mtu huyo, ndugu msikilizaji, huketi nawe kanisani. Huenda hakuna amjuaye ila mchungaji, na huenda hata mchungaji hajui. Mwaimba kutoka kitabu kimoja. Yeye hawezi kukuambia, “Tafadhali, mchanje mtoto wako kwa ajili yangu,” maana akisema hivyo atakuwa ameifunua siri aliyoificha kwa miaka. Yuko juu ya paa lako gizani, naye ananyamaza.

Mwaka 2015, katika jimbo la Washington huko Marekani, mwanamke mmoja alikufa. Alikuwa akitumia dawa zilizopunguza kinga ya mwili wake. Hakuwa na vipele hata kimoja, kwa sababu vipele vya surua ni alama ya mwili kupigana, na mwili wake haukuwa na nguvu za kupigana. Madaktari hawakujua kwamba ilikuwa surua mpaka walipomchunguza baada ya kufa. Yaelekea aliipata katika kituo cha afya, mahali alipokuwapo mgonjwa wa surua. Nchi ile ilikuwa imekaa miaka 12 bila kifo cha surua.

Na kabla ya hapo, katika nchi hiyo hiyo, lilitokea jambo linalotugusa sisi watu wa makanisa. Katika mji wa Philadelphia palikuwa na makanisa mawili yaliyofundisha kwamba muumini hapaswi kutumia dawa wala daktari, aombe tu. Watoto wao hawakuchanjwa. Mwishoni mwa mwaka 1990 na mwanzoni mwa 1991 surua iliwaingia, ikaenea mjini. Watu zaidi ya 1,400 waliugua, na watoto 9 wakafa. Kati yao 6 walikuwa wa makanisa yale mawili. Wale 3 wengine hawakuwa wa makanisa hayo. Wazazi wao hawakukubali fundisho lile, wala hapana aliyewauliza. Nimewafikiria mara nyingi hao watatu kuliko wale sita, ingawa wote ni watoto.

Mtu ataniambia, “Mchungaji, umeisahau Zaburi ya 91.” La, sijaisahau. Humo Mungu ameahidi kumlinda mtu wake na tauni, nami naiamini zaburi ile. Lakini kumbuka ni nani aliyeitumia katika Mathayo sura ya 4. Ibilisi alimsimamisha Bwana wetu juu kabisa ya hekalu, akamwambia ajitupe, akamnenea ahadi za zaburi hiyo hiyo. Bwana Yesu hakusema zaburi ni uongo. Alikataa kumjaribu Baba yake, akajibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kitabu kile kile chenye sheria ya ukingo. Tena Yeye, kama angejitupa, angehatarisha mwili wake mwenyewe tu. Sisi tunaokataa chanjo twawatupa wengine pamoja nasi.

Basi, akina mama, chukueni kadi ya kliniki mwitazame leo. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Hii ya pili ndiyo husahauliwa, kwa maana mtoto ameshaanza kutembea na mama ameacha mazoea ya kliniki. Akina baba, msiseme hilo ni jambo la wanawake. Mtoto ana wazazi wawili, na nauli ya matatu yatoka mfukoni mwenu. Wazee wa kanisa, mtangaze jambo hili Jumapili pamoja na matangazo mengine. Na kama kuna mtoto mwenye vipele na homa, msimlete ibadani aombewe. Mpelekeni hospitali, naye akae nyumbani mpaka siku 4 zipite tangu vipele vilipotokea. Wazee wataomba kwa ajili yake huko kanisani, na Mungu atawasikia.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wamjua yule aketiye kati yetu na ugonjwa ambao sisi hatuujui. Mlinde wiki hii. Mpe nguvu mama aliyekuwa akiogopa, aende kliniki kesho na mtoto wake. Katika jina la Yesu, Amina.