INTANETI YA KASI NA KUMBUKUMBU ZA WAGONJWA KATIKA VITUO VYA AFYA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)

Jalada la mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake. Mama mjamzito anayevushwa bahari usiku kutoka Pemba kupelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hana budi kufuatana na maelezo ya kundi la damu yake, dawa alizokwishapewa na dawa zinazomdhuru. Karatasi ikisahauliwa kituoni, daktari anayempokea hulazimika kuanza upya, na muda unaopotea ni muda wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeamua kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Hata hivyo, kompyuta isiyo na mawasiliano ni sawa na jalada lililofungiwa kabatini.

Mfano wa Marekani unafaa kuzingatiwa. Mwezi wa Februari 2009 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyoahidi malipo kwa madaktari watakaotumia kumbukumbu za elektroniki ipasavyo: hadi dola 44,000 kwa daktari chini ya Medicare, ambayo hasa ni bima ya wazee, au hadi dola 63,750 chini ya Medicaid, mpango wa watu wa kipato kidogo. Kuanzia mwaka 2015, waliobaki nyuma katika Medicare walipunguziwa malipo.

Fedha za kompyuta zilipatikana, lakini njia ya mawasiliano haikuwafikia wote. Mwezi wa Machi 2010 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa mpango wa taifa wa intaneti ya kasi. Mpango huo ulikadiria kwamba kati ya watoa huduma wadogo wa afya wapatao 307,000, takriban 3,600 hawakuweza kupata intaneti ya kutosha mahali walipo. Hiyo ni kama 1 katika kila 85, lakini upungufu ulikuwa mkubwa zaidi vijijini, yaani pale pale ambapo mgonjwa yuko mbali na daktari bingwa.

Mpango huo ulitaja pia viwango. Daktari mmoja anayefanya kazi peke yake alikadiriwa kuhitaji megabiti 4 kwa sekunde. Ofisi ya madaktari 2 hadi 4, megabiti 10. Zahanati kubwa, megabiti 25. Na hospitali, megabiti 100.

Maana ya tarakimu hizo ni rahisi. Picha ya eksirei yenye ukubwa wa megabaiti 20 ni sawa na megabiti 160. Kwa njia ya megabiti 4, picha hiyo hupelekwa kwa sekunde 40. Kwa njia ya robo megabiti, huchukua zaidi ya dakika 10, na kwa muda huo wote mtumishi husubiri na foleni hurefuka. Mwishowe mtumishi huandika karatasini, akakusudia kuingiza katika kompyuta baadaye, na pengine asiingize.

Gharama nayo ni kikwazo. Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 iliweka msingi kwamba watoa huduma za afya wa vijijini wasitozwe kwa mawasiliano bei iliyopita kiasi ikilinganishwa na ya mijini. Mwaka 2012 ulianzishwa utaratibu mwengine ambao mfuko wa umma hulipa asilimia 65 ya gharama na kituo hulipa asilimia 35. Msingi huo ni wa haki: mgonjwa wa shamba hakuchagua kuwa mbali na mkonga.

Ndugu Wananchi,

Kwa visiwa, jambo hili lina uzito wa pekee. Kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kwa muda wa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom iliharibika na intaneti ikapungua sana katika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Ugonjwa hausubiri mkonga kutengenezwa.

Kwa hivyo, kila kituo kinachoingia katika kumbukumbu za elektroniki kinashauriwa kuzingatia haya:

1. Kupima kasi ya kupeleka taarifa, si ya kupokea tu. Aghalabu kasi inayotangazwa ni ya kupokea, na kituo cha afya hupeleka mengi.

2. Kutumia programu inayohifadhi kumbukumbu kituoni wakati mawasiliano yamekatika, na kuzipeleka yakirudi.

3. Kuwa na njia ya pili ya mawasiliano na umeme wa akiba, pamoja na fomu za karatasi kwa dharura.

4. Kuweka gharama za kila mwezi za intaneti katika bajeti, kama zinavyowekwa gharama za dawa na mafuta ya gari la wagonjwa.

5. Kumpa kila mtumishi nywila yake mwenyewe, kwani siri ya mgonjwa ni amana.

Wananchi nao wanaombwa kuhifadhi kadi zao za kliniki na kutoa majina yao kamili kwa namna ile ile kila waendapo, ili mtu mmoja asiwe na majalada mawili.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kituo kilichoamua kuacha karatasi hakina budi kuhakikisha kwamba njia ya mawasiliano ipo, inatosha na inadumu.