Kuvitambua Vyombo vya Chai vya Kaure ya Kiingereza Visivyo na Alama kwa Kutazama Maumbo Yake

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya watunza makusanyo ya makumbusho



Nimeombwa nieleze namna ya kuvitambua vyombo vya chai vya kaure vilivyotengenezwa Uingereza kati ya miaka ya 1750 na 1840, ambavyo ukivigeuza huoni alama ya kiwanda kwenye kitako. Fasili nitazipitia haraka. Muda mwingi nitautumia kwenye jambo ambalo naamini linaharibu rejista zetu: tabia ya kuandika jina la kiwanda kabla ya kuwa na ushahidi.

1. Fasili

Kaure za Bow, Chelsea na Derby zilikuwa za udongo laini. Worcester, iliyoanzishwa mwaka 1751, ilichanganya jiwe la sabuni kutoka Cornwall. New Hall ya Staffordshire ilianza kutokana na hataza ya kaure ngumu iliyonunuliwa kwa Richard Champion wa Bristol mwaka 1781. Kufikia 1800 hivi, kwa juhudi za Spode hasa, kaure ya mchanganyiko wenye majivu ya mifupa ilienea na ndiyo iliyotawala karne nzima iliyofuata. Seti ya kawaida ilikuwa na buli na kisahani chake cha kukalia, chombo cha sukari, jagi la maziwa, bakuli la kumwagia masazo ya chai, sahani za mkate, visahani, na vikombe vya aina mbili, vya chai na vya kahawa. Vikombe vya aina zote mbili vilitumia visahani vilevile kwa zamu. Kwa hiyo kikombe cha kahawa kisicho na kisahani chake si lazima kiwe kimepotelewa na kitu.

2. Kwa nini havina alama

Hakuna sheria iliyowalazimisha watengenezaji kutia alama. Hata sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai jina la nchi ya asili tu, nayo ilikuja baada ya vyombo tunavyovizungumzia kuwa vimekwisha kuwa vya kale. Wauzaji wa London hawakupenda mteja ajue kiwanda akaagize moja kwa moja. Tena, palipokuwa na alama, haikutiwa kwenye kila kipande. Rockingham, kwa mfano, kwa kawaida iliiweka kwenye visahani. Visahani vikishavunjika, seti nzima inabaki bila jina ingawa ilizaliwa nalo.

3. Umbo linasema nini

Buli la katikati ya karne ya 18 ni la mviringo kama tufe. Kuelekea mwisho wa karne hiyo linafuata maumbo ya mabuli ya fedha, yenye kuta zilizosimama. Kisha linakuwa la duara dufu. Kuanzia 1812 hivi linaingia umbo la London, na baada ya 1825 linakuwa pana, lenye mapindo, miguu na mikono iliyojipinda kama matawi. Vikombe vinakwenda pamoja nalo. Umbo la Bute, lenye ukuta laini uliojikunja kuelekea kitakoni, ni la miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Kikombe cha umbo la London kinapanuka kuelekea mdomoni, kina kona kali karibu na kitako, na mkono wake una ncha zinazochomoza.

Hadi hapo tumepata muongo. Kiwanda bado hatujakipata, na ndipo rejista zetu zinapoharibika. Umbo la London lilitengenezwa na Spode, Coalport, Minton, Davenport, Ridgway, Miles Mason, New Hall na wengine wengi. Anayesema “hili ni umbo la London, kwa hiyo ni Spode” ametaja mtindo wa zama na kuuita kiwanda.

4. Tatizo lenyewe: jina kabla ya ushahidi

Niruhusiwe kukaa hapa.

Historia inatuonya. Katika karne ya 19, William Chaffers, mwandishi aliyeheshimika sana kwa kitabu chake cha alama, alieneza dai kwamba kaure nyingi zenye nembo za familia zilitoka Lowestoft, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Zilikuwa kaure za China zilizoagizwa na wateja wa Ulaya. Kalibu na vigae vilipochimbuliwa kwenye eneo la kiwanda cha Lowestoft mwanzoni mwa karne ya 20, ilionekana wazi kiwanda kile kilikuwa kikitengeneza kaure laini ya namna nyingine kabisa. Hata hivyo, jina la Lowestoft liliendelea kubandikwa kwenye kaure hizo za China, hasa Marekani, kwa miongo mingi. Jina likishaingia kwenye kadi, kulitoa ni kazi kubwa kuliko kuliingiza.

Rockingham ndiyo Lowestoft ya makusanyo yetu. Kiwanda cha akina Brameld huko Swinton, Yorkshire, kilitengeneza kaure kuanzia 1826 hadi 1842 tu. Kilipata sifa kubwa kwa seti ya Mfalme William IV, iliyoagizwa 1830 na kukamilika 1837, na sifa hiyo imekuwa sumaku. Buli lolote la miaka ya 1830 lenye mapindo, maua na dhahabu nyingi linaandikwa Rockingham, ilhali Samuel Alcock, Ridgway, Daniel, Coalport na Minton walitengeneza mabuli ya mtindo huohuo. Nimeona kadi ya Rockingham kwenye chombo chenye nambari ya nakshi inayozidi 3000, wakati nambari za seti za chai za kiwanda hicho hazikufika hata 2000. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kulifuta jina.

Nambari nazo zisitumike peke yazo. Nambari zilizoandikwa kwa mkwaju, zikianza na 2/, zilitumiwa na Coalport, na Ridgway, na Rockingham pia. Rangi na nakshi ndizo mashahidi dhaifu kuliko wote: viwanda viliuza kaure nyeupe kwa wachoraji wa nje, kama James Giles wa London aliyepamba vyombo vya Worcester, na nakshi zilizopendwa ziliigwa na kila mtu.

Hata umbo linahama. John Rose wa Coalport na wenzake walinunua kiwanda cha Caughley mwaka 1799 na kuendelea kukiendesha kwa miaka kadhaa. Mahali ni palepale na mafundi wengi ni walewale, mwenye mali ndiye aliyebadilika. Hapo tunaandika nini? Kwa upande mwingine, mwigaji akichukua kalibu kutoka kwenye chombo kilichokwisha kuchomwa, nakala yake hutoka jokoni ikiwa ndogo kwa takribani sehemu moja ya kumi, kwa sababu kaure husinyaa kwenye moto. Rula inaweza kumfichua mtu ambaye jicho limempitisha.

Kwa hiyo ushahidi wa umbo hauko kwenye sura ya jumla. Uko kwenye viungo: mkono ukitazamwa kutoka juu ni bapa au wa mviringo, unagusa ukuta wapi, juu na chini, ncha ya ndani ipo au haipo, kishikio cha kifuniko kimeumbwaje, pete ya kitako imekatwaje, vitundu vya kuchujia majani ndani ya buli ni vingapi na vimepangwaje. Viungo hivi vilinganishwe kimoja kimoja na chombo cha umbo hilohilo chenye alama ya kweli, au na michoro ya kiwanda chenyewe, kama kitabu cha maumbo cha Spode cha mwaka 1820. Kikigoma kimoja, tusimame.

Wenzetu wa akiolojia ya pwani yetu wanalijua hili. Waliochimba Gedi na Kilwa walipanga vigae vya China kwa udongo, glezi, ukingo na kitako, wakavipa umri, wala hawakuona haya kuacha fundi bila jina. David Holgate, alipowachunguza waigaji wa New Hall, aliwaita wasiojulikana Kiwanda X, Kiwanda Y na Kiwanda Z. Huo ni uungwana wa kitaaluma ninaoutamani kwenye kadi zetu.

Kikwazo, kwa heshima zote kwa wakuu wetu, ni cha kiofisi. Katika taasisi moja niliyoitumikia, programu ya rejista ina nafasi moja tu ya “mtengenezaji” na haihifadhi ukurasa ikiwa nafasi hiyo iko tupu. Nimeandika barua na nimezungumza vikaoni. Jibu ni kwamba mfumo utafanyiwa mapitio. Wakati tunasubiri mapitio, karani mwadilifu analazimika kubuni, na ubunifu wake kesho unanukuliwa kama chanzo.

5. Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba nafasi ya “mtengenezaji” iruhusiwe kubaki tupu, au ikubali neno “hajulikani”.

Inapendekezwa kuwe na nafasi ya pili, ya daraja la uhakika: kina alama, kinalingana viungo vyote na chenye alama, kinafanana kwa mtindo tu. Daraja la tatu lisiambatane na jina la kiwanda, bali muongo na eneo, mfano “Staffordshire, miaka ya 1830”.

Kila jina lililoandikwa liambatane na sababu yake na jina la aliyeliandika. Kadi za Rockingham zipitiwe zote, zikianza na zile zenye nambari ya nakshi iliyo juu ya 2000, na jina la zamani libakizwe kwenye historia ya kadi ili mtafiti aone lilikotoka.

Seti zisitenganishwe ghalani kwa sababu ya ukubwa wa rafu. Kisahani kimoja chenye alama kinaweza kuzungumza kwa niaba ya vipande ishirini, lakini si kikiwa kwenye rafu ya jirani na nambari nyingine.

Vipimo vichukuliwe kwa milimita, vya kimo, mdomo na kitako. Narudia kwamba nakshi isitumike peke yake, na nambari isitumike peke yake, hata pale muuzaji au mfadhili anaposhikilia jina. Barua ya shukrani kwa mfadhili inaweza kutaja jina alilotupa. Rejista itaje tulichokiona.

Mwisho, kila buli lipigwe picha ya ndani, kifuniko kikiwa kimeondolewa, vitundu vya kuchujia vikionekana vyote, na rula iwe ndani ya picha.