Mama wa Mtoto Njiti Naye Ataka Faraja

Kwetu Mwakirunge na Kisauni nzima, mtoto azaliwapo njiti, yaani kabla ya wiki 37 za mimba, akabakishwa chini ya uangalizi mkali katika Hospitali Kuu ya Pwani, ng'ambo ya daraja la Nyali, huku mamake akirejea nyumbani mikono mitupu, mzazi huyo hushikwa na wahka, simanzi, na hata haya isiyomstahili. Mama, hukukosa. Narudia: hukukosa.

Omba idhini ya muuguzi umguse mwanao na kumsemeza, na hali yake ikiruhusu, umlaze kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za kutia watoto joto zilipokuwa haba. Baba naye aweza. Usiloelewa, uliza, hata mara kumi.

Nanyi jamaa na majirani, tafadhalini, msimsimulie habari za waliofiwa. Mpikieni, mwangalilieni wanawe wakubwa, mchangieni nauli ya matatu, apate kwenda kumpa mwanawe maziwa.

Na usingizi ukikupaa, au machozi yakikataa kukatika, mwambie muuguzi au mhudumu wa afya wa mtaani. Hukukosa, mama. Mwambie leo.